Mjadala: Ripoti ya hitilafu ya kompaila ihesabiwe kama mradi wa mwaka wa mwisho?

Mwanzisha mada, Umoja: Vyuo vyetu hapa Nairobi vinataka mwanafunzi wa kompyuta amalize na "mfumo": wa hospitali, wa tiketi za matatu, wa nyumba za kupanga. Unawasilishwa, unapewa alama, haufunguliwi tena. Nasema aliyechangia GCC au LLVM, miradi huria ya kompaila (programu zinazogeuza msimbo kuwa lugha ya mashine), apewe alama zile zile, hata kama mchango wake ni ripoti za hitilafu tu.

Wengine huona kuripoti ni kulalamika. Sivyo. GCC inataka toleo kamili la kompaila, aina ya mashine, amri yote uliyoandika, ujumbe uliotoka na faili iliyokwisha kupita kwenye priprosesa, hatua inayoandaa msimbo kabla ya kutafsiriwa. Kazi ngumu ni kuipunguza programu ya maelfu ya mistari hadi ibaki michache, na bado iiangushe kompaila. C-Reduce, zana ya kupunguza programu yenyewe, husaidia, lakini ni wewe unayeandika jaribio la kuiambia unafuata anguko lipi. Ukilegea, itakuletea hitilafu nyingine kabisa. Na ikiwa tatizo ni matokeo yasiyo sahihi, lazima kwanza uhakikishe programu yenyewe haijakiuka kanuni za lugha ya C, maana ikizikiuka kompaila haina kosa. Anayeweza hayo anaijua C.

Mhadhiri: Ndugu, kazi hiyo naiheshimu. Naogopa alama. Mwaka 2020 Hacktoberfest, kampeni ya kila Oktoba ya kuchangia miradi huria, iliahidi fulana kwa wanaotuma mabadiliko ya msimbo, miradi ikafurikwa na takataka hadi waandaaji wakageuza kanuni. Darasa zima likiwinda alama itakuwaje? Tena ripoti inaweza kukaa miezi bila jibu, na mimi nina tarehe ya kufunga matokeo.

Mhandisi, Ngong Road: Kwangu alama zitokane na msimbo. Ukituma mabadiliko utaulizwa jaribio liko wapi, utarekebisha, utaulizwa tena. Huko ndiko mtu anakomaa. Na mlango umelegezwa: tangu 2021 GCC haidai tena kila mchangiaji aikabidhi FSF (taasisi ya programu huria) hakimiliki, na LLVM imekuwa ikipokea mabadiliko kupitia GitHub tangu 2023.

Mwanzisha mada: Dada, na gharama? Nyaraka za LLVM zinasema kuijenga pamoja na Clang, kompaila yake ya C, kwa hali ya debug (ya kutafutia makosa) huhitaji takriban GB 15 hadi 20 za diski. Kwenye leptopu ya mtumba yenye RAM ya GB 4, hatua ya kuunganisha faili inaweza kumaliza kumbukumbu yote. Ripoti inahitaji kompaila ya kawaida ya Ubuntu, na Compiler Explorer kwenye kivinjari kuona kama hitilafu bado ipo katika toleo jipya. Tukikubali msimbo pekee, tunachuja wanafunzi kwa mfuko wa mzazi. Na hitilafu ikirekebishwa, ile programu fupi mara nyingi huingizwa kwenye majaribio ya kompaila yenyewe.

Mwalimu, isiwe lazima kwa darasa zima. Na usisubiri jibu la mradi: endesha amri ile ile ofisini kwako uone kama kompaila inaanguka.

Mhadhiri: Hilo naweza kulipeleka kwenye kikao cha idara. Lakini mwanafunzi aanze kwa kutafuta kwenye orodha ya hitilafu, Bugzilla kwa GCC au GitHub kwa LLVM, kama kuna aliyemtangulia, kisha aeleze kwa maandishi hatua gani ya kompaila inashindwa. Mhandisi, ungekuja kutahini?

Mhandisi: Nitakuja. Ila mwenye mabadiliko yaliyopokelewa bado nitampa alama zaidi.