Nimetoka soko la jumla na bei kubwa kuliko ya mtaani. Nimekosea wapi?

GlasiNaTaulo:
Wakubwa shikamooni, wenzangu habari zenu. Nina kibanda cha vyombo na mataulo, mwezi wa pili huu. Juzi nimekwenda mwenyewe mara ya kwanza kwenye maduka ya jumla mjini, na mtaji wote mkobani. Nilifika saa sita mchana. Watu hadi katikati ya barabara, mikokoteni inapiga kelele, kila mtu "dada njoo huku". Kijana mmoja akasema anajua duka la bei poa, akanipeleka. Nikachukua katoni mbili za glasi, kila moja glasi 48, na dazeni tatu za mataulo. Kufika nyumbani glasi saba zina ufa. Nilipopiga hesabu, nikakuta duka la mtaa wa pili linauza chini ya bei niliyonunulia. Nimelia kwa kweli. Ninyi mnaopata bei nzuri mnafanyaje?

KakaMabegi:
Pole dada. Huyo kijana ni dalali, na ujira wake umeulipa wewe ndani ya bei. Mtu akikushika mkono mshukuru, endelea na njia yako. Halafu uende asubuhi, maduka yakifunguliwa. Saa sita muuzaji hana hata nafasi ya kukushushia katoni.

MamaSufuria:
Marahaba mwanangu, na pole sana. Nina miaka 16 kwenye vyombo, na hicho kilio nakijua.

Safari ijayo nenda na daftari, hela iache nyumbani. Chagua bidhaa moja tu, ile glasi yako, uiulize maduka matano. Usiseme "bei gani?", maana hapo utapewa bei ya mpita njia. Sema, "Dazeni unanifanyiaje? Katoni je? Nikichukua katoni tano?" Muuzaji anajua papo hapo kuwa unafanya biashara, nawe unajua bei yake inaanza kushuka wapi. Kuna maduka inashuka kwenye nusu dazeni, kuna mengine haisogei mpaka katoni nzima. Panda na ghorofani, ingia vichochoro vya ndani. Mwenye duka la mbele barabarani analipa kodi kubwa na lazima airudishe. Nimeshakuta katoni ile ile, alama ile ile, ghorofa ya tatu, kwa bei pungufu kwa sehemu moja ya kumi.

Sasa hizo glasi. Katoni ifunguliwe mbele yako, na usiridhike na safu ya juu. Toa za chini kabisa. Shika glasi kitakoni kwa vidole viwili, igonge ukingoni kwa kucha. Nzima inalia, na mlio unabaki sikioni kidogo. Yenye ufa inatoa sauti fupi, kavu, kama umegonga ubao, hata kama ufa wenyewe huuoni. Kisha pitisha kidole ukingoni taratibu usikie kama kuna pengo. Katoni ya 48 haifiki dakika kumi. Muuzaji akinuna, mwache anune. Akikataa kabisa kuifungua, toka.

Na hesabu yako, mwanangu, gawanya kwa vitu vizima. Ulilipia glasi 96, za kuuza unazo 89. Hapo tu, kabla ya mchukuzi na gari, kila glasi imepanda kwa karibu asilimia 8. Faida yako pengine ilikuwa hiyo hiyo. Mimi najumlisha hela ya katoni, ya mchukuzi na ya gari, nagawanya kwa nzima, ndipo nasema nimenunua kwa bei fulani. Mchukuzi mpatane kabla hajainua mzigo, na utembee nyuma yake, usimtangulie.

Siku ukihamia kwenye sufuria za chuma kisichoshika kutu, utakuta zimegongwa 18/10. Maana yake kromiamu asilimia 18 na nikeli asilimia 10. Beba sumaku, maana chuma chenye nikeli hiyo hakiinasi kwa nguvu, ila ipime ubavuni. Kitako kinaweza kunasa kwa sababu sufuria nyingi huwekewa makusudi kitako cha chuma kinachonasa sumaku. Ubavu ukinasa kwa nguvu huku unauziwa bei ya 18/10, unalipia nikeli ambayo haimo.

FundiMashuka:
Mama kamaliza kwenye vyombo, mimi niongezee mataulo. Usidanganyike na ulaini wa dukani, mwingi ni dawa na unaondoka kwenye maji ya kwanza. Lifunue taulo ulielekeze kwenye mwanga. Ukiona vidole vyako upande wa pili, ni jepesi. Vuta uzi mmoja pembeni, toka nao nje, uwashe. Pamba inaungua kwa harufu ya karatasi na kuacha jivu laini. Poliesta inayeyuka, na ikipoa inabaki punje ngumu nyeusi. Ukipata vyote viwili, ni mchanganyiko, na bei iwe ya mchanganyiko. Omba uzi kwa adabu, wauzaji wazuri hawakatai.

GlasiNaTaulo:
Asanteni sana. Nimetoka kuchoma uzi wa taulo langu sasa hivi, limeacha punje. Mama, swali moja: bei ya katoni tano naiona nzuri, lakini mtaji wangu ni wa katoni mbili. Hapo inakuwaje?

MamaSufuria:
Tafuta wawili wenye vibanda mbali kidogo na chako, msigombanie mteja. Mmoja achukue katoni mbili kama wewe, mwingine moja. Andikeni kabla ya kutoka nani anachukua ngapi na nani ametoa kiasi gani, na mkubaliane zitakazovunjika njiani mnagawana kwa katoni, hata kama zote zimetoka kwenye katoni ya mtu mmoja. Mwombe muuzaji aandike kwenye risiti aina, idadi, na kwamba zenye kasoro zinabadilishwa. Na hao wenzako wafundishe kugonga kwa kucha, mgawane katoni pale pale dukani.