Beetle iliyolala miaka mingi: nitajuaje mwaka wake, na nianzie wapi kabla ya kuiwasha?

MwanaBoksa
Wakuu, salaam. Kuna Volkswagen Beetle imelala bandani miaka mingi, matairi chini, rangi imepauka. Mwenye nayo anasema ni ya 1965, ila taa za mbele zimesimama wima na bampa ni ile bapa ya kipande kimoja. Kadi haipo. Nitathibitishaje mwaka, nikague nini kabla ya kukubali bei, na injini iandaliwe vipi kabla ya kupigwa stata mara ya kwanza? Lengo ni kuirudisha ilivyotoka kiwandani, si kuipamba.

NambaNaVioo
Mkuu, taa na bampa usizichukulie kama ushahidi. Madigadi ya Beetle yanafungwa kwa bolti, na kuivalisha gari ya zamani sura mpya ni kazi ya siku moja. Taa za wima na bampa bapa ni mambo ya modeli ya 1968 (taa za wima Marekani ziliwahi mwaka mmoja).

Angalia kile kisichofunguka kwa spana. Kioo cha nyuma kilikuwa vipande viwili hadi Machi 1953, kikawa cha umbo la yai hadi katikati ya 1957, kisha kikawa cha mstatili. Agosti 1964 vioo vyote viliongezwa ukubwa. Halafu tafuta mahali pa kujazia petroli. Modeli ya 1968 kwenda mbele kwa kawaida ina mlango mdogo nje, ubavuni kulia mbele. Kama ni lazima ufungue boneti ndipo uone mfuniko wa tangi, na taa zimesimama wima, basi hiyo ni bodi ya zamani iliyovalishwa madigadi mapya.

Mwisho, namba. Inua kiti cha nyuma, sugua uchafu juu ya uti wa katikati wa sakafu, namba imegongwa hapo. Kuanzia modeli ya 1965, tarakimu ya tatu ndiyo mwaka: 115 ni 1965, 118 ni 1968, 110 ni 1970. Tano inaweza kuwa 1965 au 1975, lakini hapo mlango wa petroli utakuamulia. Mwaka wa modeli ulianza Agosti, kwa hiyo gari iliyoundwa Septemba 1964 inahesabiwa ya 1965. Ubishi mwingi wa "kadi inasema hivi, gari inasema vile" unatoka hapo tu.

Jambo moja watu husahau: namba ni ya sakafu, si ya bodi. Bodi imekaa juu ya sakafu kwa bolti, na kuhamishwa si ajabu.

KutuHailali
Kwenye ukaguzi nenda na sumaku na bisibisi butu. Sumaku ikikataa kushika, chini ya rangi kuna pati, ile lepe ya kuziba mashimo ya bati.

Anza chini ya kiti cha nyuma upande wa kulia, betri inapokaa. Asidi hula sakafu pale kabla ya kwingine kote. Kisha mihimili ya hita, yale maboksi ya bati yanayopita chini ya milango. Kazi yake ni mbili, kupitisha hewa ya moto na kuibeba bodi, na huoza kutoka ndani, kwa hiyo rangi ya nje isikudanganye. Bonyeza kwa bisibisi sehemu ya chini, hasa karibu na nguzo ya bawaba za mlango. Fungua mlango, unyanyue kwa mkono. Ukipanda peke yake, ni bawaba. Nguzo ikitikisika nao, mhimili umekwisha. Usisahau chini ya tairi la akiba, maji hutuama pale.

Kama mihimili ni ya kubadilisha, usimruhusu fundi akate pande zote mbili kwa pamoja, wala asinyanyue bodi ikiwa haijafungwa vyuma vya kuishikilia. Achomelee bomba la mraba kuvuka nafasi ya mlango, apime ulalo kona kwa kona, akate upande mmoja, afunge mhimili mpya kwenye sakafu kwa bolti zake, ajaribu mlango, ndipo achomelee moja kwa moja. Asipofanya hivyo bodi inajikunja milimita chache na mlango hautafunga tena vizuri, hata ukibadilisha bawaba mara kumi.

SilindaYaTatu
Nibaki kwenye injini. Kabla hujatoa hata shilingi, shika puli kubwa ya chini ya injini kwa mikono miwili, ivute kuja kwako, isukume mbele. Pleyi (mchezo wa mbele na nyuma) inayotakiwa ni milimita 0.07 hadi 0.13, mwisho wake 0.15, yaani mkono usihisi kitu. Ukisikia "tak, tak", beringi kuu imelegea, na mara nyingi kikalio chake kwenye boksi la injini nacho kimepigwapigwa. Hiyo ni kushusha na kupasua injini nzima, kwa hiyo bei ishuke.

Ikipita, toa plagi nne, mimina kijiko cha chai cha oili nyepesi kila silinda, iache siku mbili. Zungusha kwa mkono kwa spana ya 30 kwenye bolti ya puli. Ikigoma, ongeza oili na usubiri. Usiingie gia na kuisukuma, utavunja ringi.

Mwaga oili. Beetle haina filta, ina chujio la waya tu chini, limefungwa kwa nati sita ndogo. Lisafishe, weka gasketi mpya, na nati zikazwe kwa Nm 7 basi (Nm ni kipimo cha nguvu ya kukaza). Wanaokaza kwa hasira hung'oa stadi (bolti zisizo na kichwa) kwenye boksi. Oili mpya lita 2.5.

Tepeti (nafasi kwenye vali) zipimwe injini ikiwa imelala baridi usiku mzima: 0.15 mm kwa injini za 1300, 1500 na 1600. Anza silinda ya kwanza, rota (kile kinachozunguka ndani ya distribyuta, kigawa moto wa plagi) ikielekea alama kwenye ukingo wake, kisha rudisha puli nyuma nusu mzunguko kwa kila silinda: 1, 2, 3, 4. Tepeti iliyokazwa sana haina kelele, ila vali haifungi sawasawa, haipozi, inaungua. Pointi, vile vikata umeme ndani ya distribyuta, ziachane 0.4 mm.

Sasa feni. Fungua, chungulia ndani ya bati lake. Panya wanapapenda sana, na kiota kimoja kinatosha kuiua injini inayopozwa kwa hewa. Mabati yote na mpira unaozunguka injini lazima viwepo, la sivyo injini inavuta hewa iliyokwisha kupashwa joto. Ukiona mtu kayatoa "ipumue", hajui anachofanya.

Chomoa waya wa koili, piga stata vipindi vifupi mpaka taa ya oili izime. Hapo ndipo urudishe waya.

MwanaBoksa
Asanteni sana. Petroli iliyomo tangini inanuka kama vanishi. Na breki kanyagio linaenda mpaka chini.

DramuNne
Petroli hiyo imwage yote, usiichanganye na mpya. Badilisha mipira yote ya mafuta: chini ya tangi, mbele ya injini, na kutoka pampu hadi kabureta. Halafu shika kibomba cha shaba kinachoingia kwenye kabureta, ukizungushe kwa vidole. Kikizunguka, siku moja kitachomoka injini ikiwa ya moto, petroli imwagike juu ya distribyuta. Beetle nyingi zimeungua hivyo. Kiundwe upya kikae kwa nguvu. Filta ya plastiki iwekwe mbali na chumba cha injini.

Breki: silinda kuu, silinda za magurudumu na mipira minne ya mafuta ya breki, vyote vipya. Mpira wa zamani huonekana mzima kwa nje huku ndani umevimba. Mafuta yanaingia, hayarudi, na gurudumu linabaki limeshikwa. Nati ya dramu ya nyuma ni 36, ilegeze gari ikiwa bado chini kwa magurudumu, kamwe si juu ya jeki. Kuirudisha ni karibu Nm 300, na tundu la pini lisipolingana kaza mbele kidogo, usilegeze.

Usisahau mkanda wa feni: ndio huo huo unaozungusha dainamo. Taa nyekundu ya chaji ikiwaka njiani, huenda mkanda umekatika na injini haipozwi, kwa hiyo simama na uzime papo hapo.