Akiba ya ngano duniani ni kubwa, mbona bei inashtuka kwa baridi ya siku chache tu?

Mfuata_Nafaka
Wadau naombeni mnifafanulie hili, limenisumbua wiki nzima. Nimekuwa nafuatilia zile ripoti za kila mwezi za ngano, ya wizara ya kilimo ya Marekani na za FAO (shirika la chakula na kilimo la UN), na kila nikijumlisha naona dunia haina shida. Miaka ya karibuni tunavuna karibu tani milioni 800, tunatumia karibu hizo hizo, na mwisho wa msimu bado zinabaki kama milioni 260 maghalani. Nikigawanya kwa matumizi napata akiba ya karibu miezi minne. Sasa Mei 2024 jalidi (baridi ya kugandisha) ikapiga mashamba ya Urusi, siku chache tu, bei ya soko la Chicago la Marekani ikavuka dola 7 kwa busheli (kama kilo 27), halafu kufika Agosti imesharudi karibu dola 5. Zao la dunia halikupanda na kushuka hivyo. Naandaa makadirio ya mwaka ujao kwa ajili ya kazi, watu watayatumia kupanga manunuzi, sitaki kuwapa kitu cha kubahatisha. Hiyo milioni 260 ina maana gani kama haiwezi kutuliza soko?

GhalaKuu
Mkuu hesabu yako iko sawa, tatizo umejumlisha vitu visivyokaa pamoja. Karibu nusu ya hiyo akiba iko China na haitoki. China ndo mzalishaji wa kwanza duniani, kama tani milioni 140 kwa mwaka, serikali inaweka kiwango cha chini cha bei ili kumlinda mkulima, bei ikilegea inanunua na kuweka ghalani, na juu ya hayo yote bado inaagiza nje, msimu wa 2023/24 iliagiza zaidi ya tani milioni 12. Kwa hiyo kwa mtu anayetafuta meli ya ngano mwezi ujao, ile akiba ni kama haipo, haina bei kwa sababu haiuzwi.

Sasa fanya hivi. Toa akiba ya China, halafu toa na matumizi ya China, unabaki na kama milioni 130 kwa watumiaji wa kama milioni 650. Hiyo ni siku sabini na kidogo. Miezi yako minne imeshakuwa miezi miwili na nusu hapo hatujagusa India bado. India inavuna zaidi ya tani milioni 110 na karibu zote inakula yenyewe, serikali inanunua kwa wakulima kwa ajili ya mgao wa wananchi. 2022 watu walitegemea India ije kuziba pengo la Ukraine, ikapigwa na joto kali mwezi Machi punje zikasinyaa, tarehe 13 Mei wakafunga mauzo ya nje, basi. Nilikuwa nafuatilia soko siku zile na nakwambia ilikuwa inatisha, nchi zilizokuwa zimeshaingia kwenye mazungumzo zikabaki mikono mitupu.

Kinachobaki ni ngano inayovuka mipaka, kama robo ya mavuno, tani milioni 200 na kitu, na hiyo inatoka kwa wachache mno: Urusi, Umoja wa Ulaya, Canada, Australia, Marekani, Argentina, Ukraine, Kazakhstan. Akiba iliyoko kwa hawa ndo inayopanga bei. Ile ya dunia nzima ni namba ya gazetini.

Shehena_Salama
Naongezea hapo kwa GhalaKuu, maana mimi nimefanya ukaguzi wa shehena za nafaka miaka mingi, na watu wengi wa makadirio wanasahau kwamba ngano iliyovunwa na ngano iliyopakiwa ni vitu viwili. Ukraine kabla ya vita ilikuwa inapitisha karibu nafaka yake yote baharini, kwa hiyo Februari 2022 bandari zilipofungwa ngano ilikuwepo, imejaa maghalani, ila haina pa kutokea. Chicago ilipita dola 12 kwa busheli mwezi Machi na hakuna shamba lililokuwa limekufa bado. Kwa tani moja hiyo ni zaidi ya dola 440, manake tani ina busheli kama 36.7.

Halafu ukaja ule mkataba wa Istanbul wa kuruhusu nafaka ya Ukraine itoke kwa bahari, wa tarehe 22 Julai 2022, UN na Uturuki wakiwa katikati, zikatoka kama tani milioni 33 za nafaka na vyakula vingine, mahindi yakiwa mengi kuliko ngano. Urusi ikajitoa Julai 2023 na wengi walidhani bei itarudi kule kule. Haikurudi. Urusi yenyewe ilikuwa na mavuno makubwa mfululizo na inauza kwa bei ya chini, na Ukraine ikafungua njia yake ya kupita karibu na pwani za Romania na Bulgaria. Kwa hiyo ukiona habari ya bandari usikimbilie kuandika "bei itapanda", uliza kwanza nani mwingine ana meli iliyo tayari na bima ya vita ni asilimia ngapi wiki hiyo, bima peke yake inaweza kula faida yote ya shehena.

mkweli_daima
Mnazunguka sana ndugu zangu. Ni walanguzi tu. Mifuko ya uwekezaji inacheza na chakula cha watu, haijawahi kushika punje ya ngano hata siku moja, inanunua na kuuza makaratasi. Baridi ya siku chache kupandisha bei vile, hiyo sio hali ya hewa hiyo ni tamaa, na anayeumia ni mtu wa mwisho kabisa anayenunua unga.

GhalaKuu
@mkweli_daima uchungu wako naujua na sikatai kwamba mifuko inakuza mitikisiko. Ila angalia ile Mei 2024 ilikuwaje. Mifuko haikuwa imenunua, ilikuwa IMEUZA, miezi mingi ilikuwa upande wa kutegemea bei ishuke, na kweli ilikuwa imeshuka sana. Jalidi ilipopiga Voronezh, Lipetsk na Tambov wakalazimika kununua haraka ile ngano ya makaratasi waliyokuwa wameiuza bila kuwa nayo, wote kwa mpigo, ndo ikarukia ile dola 7. Walipomaliza kununua, na mavuno mapya ya nchi za kaskazini mwa dunia yakaanza kuingia, ikaporomoka. Kwa hiyo walifanya mlima uwe mkali kwenda na kurudi lakini chanzo kilikuwa cha kweli, zao la Urusi lilitoka zaidi ya milioni 91 mwaka uliotangulia likaja kama milioni 82.

Halafu kuna jambo la msingi zaidi, ngano ni karibu asilimia 20 ya nguvu ya mwili ambayo binadamu wote wanapata kwenye chakula. Bei ikipanda mtu hawezi kula nusu. Nchi inayoagiza haiwezi kusema tutasubiri mwaka ujao. Ndo maana upungufu wa asilimia mbili tatu unaweza kusukuma bei kwa asilimia thelathini, mnunuzi hana pa kukimbilia. Hata 1972 ilikuwa hivyo, Urusi ya Kisovieti ilinunua ngano ya Marekani kimya kimya kwa wingi mno, bei ikatoka chini ya dola 2 ikazidi 5 ndani ya 1973, na siku hizo hakuna mifuko hii unayoisema.

Kinu_cha_Mawe
Mimi niko upande wa kusaga, na kuna kitu hakuna aliyekitaja: PROTINI, ndo inayofanya unga wa mkate uumuke. Nyie mnasema "ngano" kama vile ni kitu kimoja. Mwaka wenye mvua nzuri mavuno yanakuwa mengi lakini mara nyingi protini inashuka, naitrojeni ile ile imegawanywa kwenye punje nyingi, na ikinyesha wakati wa kuvuna punje zinaanza kuchipua shambani na hapo unga wake hauumuki vizuri. Inauzwa kama chakula cha mifugo. Kwenye jedwali la tani inahesabika sawa sawa na ile nzuri!! Nimeshanunua shehena iliyokuwa "ngano ya kutosha" kwenye makaratasi, ikabidi nitafute ngano ngumu, yenye protini nyingi, ya kuchanganyia kwa bei ya juu sana, hasara ya miezi miwili. Kwa hiyo kwenye makadirio yako usitumie bei ya Chicago peke yake, ile ni ngano laini nyekundu. Weka na Kansas City ya ngano ngumu, na Paris kwa ajili ya Ulaya, tofauti kati yao inakuambia mengi kuliko bei yenyewe.

Na mahindi pia. Ngano ikiwa rahisi kuliko mahindi wafugaji wanahamia kwenye ngano, hata moja ya tano ya ngano yote inaishia kwa mifugo, na huko ndo kwenye ulaji unaoweza kupungua haraka bei ikibadilika.

Mfuata_Nafaka
Nimeshukuru sana wakuu, nimefuta jedwali langu lote naanza upya leo, safu moja ya wauzaji nje peke yao na nyingine ya China na India pembeni. Swali moja la mwisho, Urusi nimeiweka kama muuzaji wa kwanza, 2023/24 ilikuwa kama tani milioni 55, je naweza kuchukulia tu kwamba itauza chochote inachovuna kikizidi matumizi ya ndani?

Shehena_Salama
Hapana, usifanye hivyo. Wana ushuru wa kuuza nje unaobadilika kila wiki kufuata bei, wameanza Juni 2021, na wana kwota (kikomo cha tani za kuuza nje) kuanzia tarehe 15 Februari mpaka 30 Juni. Ya 2025 walikata ngano mpaka tani milioni 10.6, ndogo sana ukilinganisha na mwaka uliotangulia. Kwa hiyo mauzo yao gawa vipande viwili, kabla ya katikati ya Februari ambapo wafanyabiashara wanakimbizana kupakia, na baada ya hapo. Ukiona Desemba na Januari meli zinapungua Novorossiysk, bandari yao kubwa ya nafaka, wakati kwota bado haijaanza, jua mkulima anashikilia ngano yake kwa sababu ushuru na ruble havimpi faida, na hapo mnunuzi anageukia Romania, Ufaransa, au Australia na Argentina ambao ndo wametoka kuvuna.

Kinu_cha_Mawe
Na Argentina angalia protini kabla hujaiweka kwenye safu ya "inatosha".