Kisima cha Galula cha 1987: kama hakukuwa na mafuta, saruji yote ile ya nini?

UfutaNaMpunga
Wakuu salaam. Mimi nanunua ufuta na mpunga bonde la Songwe, napeleka Mbalizi. Ukikaa Galula msimu mmoja tu lazima usimuliwe habari hii: 1987 ilikuja kampuni ya Marekani, ikachoronga, ikakuta mafuta, ikajaza saruji shimoni na kuondoka "mpaka wakati wao ufike". Mzee ninayefikia kwake alikuwa kibarua pale. Anaapa kwamba malori ya saruji yalikuwa yanaingia hadi siku za mwisho, na matope yaliyotoka shimoni yalikuwa mazito, yanateleza, yananuka dizeli.

Naomba mtu aliyewahi kushika hiyo kazi anijibu. Shimo kavu linazibwa saruji ya nini? Yale matope ni nini? Na mtu anajuaje kilichopo zaidi ya kilomita moja chini bila kwenda kuona? Siku hizi habari ni heliamu, ile gesi nyepesi isiyowaka, tunatajiwa mabilioni ya futi za ujazo, watu wanapiga makofi. Nami napiga, ila sijui napigia nini.

Mwanjelwa_Boy
Mafuta yapo mkuu. Mzungu hafungi safari ya Galula bure.

BabaMatope_Tukuyu
Kijana, ndaga kwa swali. Miaka yangu ya nguvu niliimalizia kwenye rigi, yaani mtambo wa kuchoronga visima, zaidi pwani ya kusini. Sasa nalima parachichi, mgongo hautaki tena mambo mengine. Kazi yangu ilikuwa matope, kwa hiyo nianzie hapo.

Matope ya rigi hayatoki ardhini. Tunayakoroga juu kwenye matangi: maji, bentonaiti (udongo mlaini unaovimba), na ukitaka uzito unaongeza baraiti, unga wa jiwe zito unaokuingia hadi masikioni. Pampu inayasukuma ndani ya bomba, yanatokea kwenye matundu ya biti, yaani kichwa kinachokata mwamba, yanapanda nje ya bomba yakiwa yamebeba chembe za mwamba. Yanapoza biti na kusafisha shimo, lakini kazi yake kubwa ni kukandamiza. Mita 1,000 za maji matupu zinakandamiza kwa baa 98 hivi (baa ni kipimo cha presha). Matope ya kilo 1.2 kwa lita yanakupa karibu baa 118. Tairi la Fuso linajazwa baa 7 au 8, pima mwenyewe.

Presha ya mwambani ikizidi ya matope, maji au gesi inaingia kisimani, na haipigi hodi. Unaona tangi la matope linapanda wakati hujaongeza kitu. Unazima pampu, matope bado yanatiririka. Hapo huendi kumtafuta bosi. Unafunga valvu kubwa za mdomo wa kisima, maswali baadaye. Wapo wanaodhani dawa ni kuyafanya mazito sana tangu mwanzo. Ukizidisha unapasua mwamba, matope yanapotelea kwenye nyufa, kimo chake shimoni kinashuka, na hatari ni ile ile uliyokuwa unaikimbia.

Harufu ya dizeli? Injini zote za rigi zinakunywa dizeli, na kuna matope yanayochanganywa na dizeli makusudi ili bomba lisinase. Siwezi kumsemea mzee wako alichonusa, ila kwa harufu hiyo peke yake hakuna mchorongaji angekata tiketi ya kurudi Galula.

Sasa saruji. Haisubiri mwisho. Unachoronga kipande, unashusha kesingi, yaani bomba la chuma la kushikilia kuta. Saruji inasukumwa ndani ya kesingi, inatokea chini, inapanda nje kati ya chuma na mwamba. Ikiganda unaendelea na biti nyembamba zaidi: kesingi ya inchi 20, kisha 13 na 3/8, kisha 9 na 5/8, kadiri unavyoshuka. Kisima kisipokuwa na biashara kinawekewa plagi za saruji ndefu, moja juu ya nyingine kwa kuachana, kwa sababu chini kunaweza kuwa na maji ya chumvi yenye presha na juu kuna maji mnayokunywa. Ukiacha njia wazi, yatakutana. (Ivuna wana chumvi yao ya chemchemi tangu enzi za mababu, lakini hiyo wanaijua na wanaiuza.) Kichwa cha chuma kinakatwa chini ya usawa wa ardhi na shimo linafukiwa. Kisima unachotaka kukirudia hukifanyi hivyo. Unakiwekea plagi ya muda na unakiachia kichwa chake. Kukizibua kilichofungwa kabisa ni kazi ya kichaa. Afadhali uchoronge kingine pembeni.

Kujua kilichopo chini ndiyo sehemu niliyoipenda. Matope yakifika juu yanapita kwenye chekeche linalotetemeka. Mtu anachota chembe kila mita kadhaa, anaziosha, anaziweka chini ya darubini, kisha chini ya taa ya urujuanimno. Zenye mafuta zinang'aa, njano au samawati. Nimesimama pale usiku na mwanajiolojia tukiziangalia mpaka macho yanawasha, hakuna kinachong'aa isipokuwa grisi ya bomba! Pembeni kuna mashine inayovuta hewa ya kwenye matope na kupima gesi. Shimo likikamilika wanashusha vifaa kwa kebo: kimoja kinapima jinsi mwamba unavyopitisha umeme. Maji ya chumvi yanaupitisha vizuri, mafuta na gesi yanaukataa. Kingine kinapima uwazi, yaani asilimia ngapi ya mwamba ni nafasi tupu. Wakiona matumaini, wanafungulia kisima kijaribiwe, kitiririke hadi juu huku kikipimwa.

Uwazi pekee hautoshi. Vitundu viwe vimeungana, la sivyo kitu kimekaa pale na hakitoki. Huo ni upenyezaji, na kipimo chake ni dasi, kutokana na Henry Darcy, mhandisi Mfaransa aliyepima maji yakipita kwenye mchanga mwaka 1856. Bado unataka mwamba mama uliopikwa na joto hadi ukatoa mafuta, mfuniko usiopitisha juu yake, na umbo la kuyanasa. Kimoja kikikosekana, hamna. Mchanga mwekundu wa Galula ukiuona korongoni ni mwamba mzuri, na humo ndimo yalimotoka mabaki ya dinosaria aliyepewa jina la Rukwatitan mwaka 2014. Ila mwamba mzuri usio na kitu ndani ni ghala tupu. Kisima cha Galula na mwenzake wa Ivuna, vyote vya 1987, havikukuta mafuta ya biashara.

Kalenga_Jr
Kamwene baba. Nipo Iringa. Maelezo mazuri, lakini mbona Songo Songo gesi ilipatikana 1974 na Dar es Salaam ikaanza kuitumia 2004? Miaka 30! Huko si kuficha?

BabaMatope_Tukuyu
Kamwene mwanangu. Ilifichwa wapi, wakati ilijulikana tangu siku ile? Gesi bila bomba na bila mnunuzi haina pa kwenda. Mafuta unaweza kuyabeba kwa lori kama huna njia nyingine. Gesi unahitaji bomba hadi Ubungo na mitambo ya kuichoma upande wa pili. Hilo ndilo lililochelewa. Tulilalamikie, lina haki ya kulalamikiwa, lakini tulalamike kwa jina lake.

Mwanjelwa_Boy
Baba unatetea sana makampuni.

BabaMatope_Tukuyu
Makampuni yamenilipa mgongo huu, sina deni nayo wala mapenzi. Natetea matope.

HesabuZaMwamba
Niongezee kwenye makofi ya futi za ujazo, nimesomea uhandisi wa miamba yenye mafuta na gesi. Ukisikia namba, uliza kwanza ni ya nini: iliyopo chini, au inayoweza kutolewa? Zile trilioni 57 za gesi asilia zinazotajwa kwa Tanzania ni iliyopo chini. Ya kutolewa huwa pungufu. Gesi ikiwa kwenye mwamba mzuri unaweza kupata robo tatu au zaidi, mafuta mara nyingi theluthi hivi.

Halafu uliza: kisima kimeshachorongwa? Mwaka 2016 watafiti wa Oxford na Durham walipotangaza heliamu ya Rukwa, futi bilioni 54 zilikuwa makadirio yaliyotangulia uchorongaji. Makadirio hayo si ya kuzuga. Chemchemi za huko kweli zinatoa gesi yenye heliamu, baadhi hadi karibu asilimia 10, kiwango kikubwa mno kwa gesi hiyo. Lakini namba ya kabla ya biti kugusa mwamba inakuja kama upana, ya chini, ya kati na ya juu, na mkutanoni mtu anakusomea moja tu. Tena ujazo huo unahesabiwa kwa presha ya juu ya ardhi. Chini, kwenye baa 100, gesi hiyo hiyo inakaa kwenye nafasi ndogo karibu mara mia.

UfutaNaMpunga
Ndaga fijo wazee wangu, nitamsomea mzee haya, najua atabisha hadi asubuhi. La mwisho: jirani yake alichimba kisima cha maji, cha mkono. Maji yanatoa mapovu muda wote, na kuku walioingia shimoni walikufa. Vijana wanataka kuwasha kiberiti waone kama ni gesi ya kupikia.

BabaMatope_Tukuyu
Wazuie leo hii. Kama ni gesi ya kuwaka, watajilipua. Kama ni hewa ya ukaa, ambayo kwenye milima yetu ya volkano ni ya kawaida, na hapa Rungwe inavunwa kwa ajili ya soda, haiwaki, ila ni nzito kuliko hewa, inatuama shimoni na kuua bila harufu. Mtu asiingie, hata wa kumwokoa aliyeingia. Funikeni, wekeni uzio watoto wasifike, mkaripoti kwa watu wa maji wa wilaya waje na kipimo. Hao kuku msiwale.