Saumu na afya ya mwili: lipi la kweli katika jumbe tunazotumiana?

Mfungaji

Assalaam alaykum wana jukwaa.

Ramadhani ikikaribia simu yangu hujaa jumbe za faida za saumu. Safari hii umekuja mmoja unaosema mwanasayansi wa Japani alipewa Tuzo ya Nobeli kwa kugundua kwamba mtu akifunga, seli zake hula seli za saratani, na kwamba sukari na presha hupona kabisa ndani ya mwezi.

Ningeufuta tu, ila mama mkwe wangu ana kisukari cha aina ya pili, anameza glibenklamaidi, na ujumbe umeshamfikia. Anasema mwezi huo dawa ataziweka kando, saumu ndiyo dawa. Mimi mwenyewe nina presha inayopanda kidogo, na nikijipima Ramadhani kweli husoma chini kuliko miezi mingine, kwa hiyo sina ujasiri wa kumwambia kwamba ni uongo mtupu. Wenye elimu ya dini na ya tiba, mwili unafaidika nini hasa? Na nizungumze naye vipi asije kuona mkwewe anamzuia ibada?

Mwanafunzi wa Darsa

Waalaykum salaam. Mimi nitagusa upande wa dini tu, wa tiba nawaachia wenyewe.

Aya ya 183 ya Suratul Baqara imetaja lengo la saumu, nalo ni uchamungu. Uzito na presha havimo. Ile "fungeni mtapata afya" inayopambwa kwenye kila bango inasemwa ni hadithi, lakini wanazuoni wa fani hiyo wameidhoofisha isnadi yake, yaani mnyororo wa walioipokea na kuisimulia. Tusimsingizie Mtume (s.a.w.) kwa nia njema. Yaliyo sahihi yanatutosha: kuleni daku kwani katika daku mna baraka, kuharakisha kufuturu, na katazo la kuunganisha saumu usiku na mchana. Ukiyatazama hayo matatu, yote yanauhurumia mwili.

Kisha aya ya 184 haikungoja mtu aulize, ikamtaja mgonjwa na msafiri hapo hapo. Na 185 ikasema Mwenyezi Mungu anatutakia wepesi. Mgonjwa anayetarajiwa kupona hulipa siku nyingine. Asiyetarajiwa kupona, na saumu ikamdhuru, hulisha maskini kwa kila siku aliyokula. Mama akiichukua ruhusa hiyo bado yumo ndani ya ibada, wala asione haya.

Nesi wa Kliniki ya Sukari

Salaam. Nafanya kazi na wagonjwa wa kisukari, na mimi ni mfungaji, kwa hiyo huo ujumbe nimeletewa pande zote mbili.

Mjapani yupo kweli. Ni Yoshinori Ohsumi, Nobeli ya mwaka 2016. Alichokichunguza ni hamira, akaonyesha jinsi seli inavyovunja sehemu zake zilizochakaa na kuzitumia upya. Hakuchunguza wafungaji wa Ramadhani. Wala seli haimli jirani yake mwenye saratani, inavunja vitu vilivyomo ndani yake yenyewe. Na kazi hiyo hiyo wakati mwingine huusaidia uvimbe wa saratani kuendelea kuishi. Aliyetunga ujumbe alichukua jina na tuzo, mengine akayajaza mwenyewe.

Kinachotokea mwilini ni hiki. Baada ya daku unatumia ulichokula. Kikiisha, ini linatoa sukari liliyoiweka akiba. Saa zinavyosonga akiba hiyo inapungua, insulini inashuka, mwili unaanza kuchoma mafuta na ini linatengeneza ketoni, yaani nishati mbadala inayotokana na mafuta hayo. Utafika mbali kiasi gani inategemea urefu wa mchana na ulikula nini alfajiri. Magharibi ikiingia ukafuturu, mwendo huo unakatika. Ndiyo maana simwamini mtu anayenitajia "saa ya ngapi mwili unajisafisha" kana kwamba wafungaji wote duniani wana mchana mmoja.

Mfungaji, presha yako hukuiota. Kuna utafiti uliofanyika London, ukachapishwa 2021, uliowapima watu kabla ya Ramadhani na baada. Namba ya juu ilishuka wastani wa kama 7, ya chini kama 3, na kupungua uzito peke yake hakukutosha kueleza mshuko huo. Ni faida ya kweli, lakini ni ya kiasi, na haikuruhusu kuacha vidonge. Ukiona inashuka sana hadi kizunguzungu ukisimama, hasa kama unatumia dawa ya kukojosha maji, rudi kwa daktari aangalie dozi.

Uzito hupungua kidogo, karibu kilo moja kwa wastani tafiti zikikusanywa pamoja, na wengi huurudisha ndani ya wiki chache. Hapa tatizo liko usiku. Mchana wa saumu ni mzuri, halafu magharibi inaingia na vya kukaanga, vinywaji vya sukari, kisha chakula kikubwa, kisha kitanda. Kiungulia ambacho watu wanakisingizia saumu huzaliwa hapo. Mtume alifuturu kwa tende mbichi, asipozipata tende kavu, asipozipata maji, na alishauri theluthi ya tumbo iwe chakula, theluthi kinywaji, theluthi pumzi. Anayeishika sunna hiyo kuanzia futari mpaka daku ataona tofauti kwenye vipimo. Anayekula milo mitatu kati ya magharibi na usiku wa manane asidai saumu imemwangusha.

Sasa mama mkwe, na hapa naomba unisome polepole. Glibenklamaidi huliamrisha kongosho litoe insulini, uwe umekula au hujala. Kuimeza asubuhi kwa dozi ya siku zote halafu ufunge ni hatari. Kuiacha mwezi mzima nako ni hatari ya upande wa pili, sukari itapaa, tena zaidi baada ya futari. Utafiti mkubwa wa mwaka 2001 ulikusanya wagonjwa zaidi ya 12,000 katika nchi 13, na kwa wenye aina ya pili, kushuka kwa sukari hadi kulazwa kuliongezeka mara saba na nusu katika Ramadhani. Kwa hiyo asiamue peke yake. Aende kwa daktari wiki sita hadi nane kabla ya mwezi. Daktari anaweza kuhamishia dozi kubwa kwenye futari na kupunguza ya daku, au kumbadilishia dawa kabisa. Ziko ambazo hazishushi sukari kirahisi.

Akiruhusiwa kufunga, ajipime mchana. Kutoboa kidole hakubatilishi saumu, hilo wengi hawalijui. Miongozo ya kimataifa inasema sukari ikiwa chini ya 3.9 (au 70 kwa mashine za kipimo kingine), afungue. Ikizidi 16.6 (yaani 300), afungue. Akitoka jasho jembamba, akatetemeka, moyo ukaenda mbio au maneno yakaanza kumchanganya, afungue hata kama hana mashine karibu.

Nakwambia hivi kwa sababu ya neno moja ninalolisikia kila mwaka: "Ilikuwa imebaki nusu saa tu." Mtu ametetemeka tangu alasiri, anaona aibu kula jua likiwa karibu kuzama, anavumilia. Hiyo nusu saa ndiyo inayotuletea wagonjwa wasiojitambua.

Jinsi ya kumwambia? Usitumie neno "usifunge". Mwambie, "Mama, twende tukaipange saumu yako." Wengi wanaotuficha ni wale walioanza kukatazwa.

Kahawa Kwanza

Nesi umesema yote, mimi naongeza la kichwa. Tunaokunywa kahawa kila asubuhi, maumivu ya kichwa ya siku za mwanzo si njaa, ni kafeini. Wiki mbili kabla ya mwezi napunguza kikombe taratibu na siku ya kwanza inapita salama. Na wavuta sigara, mwezi huu umekupeni mchana mzima bila moshi, bure. Mnaomaliza pakiti kati ya magharibi na daku, hayo yenu na mapafu yenu.

Mfungaji

Allah awalipe nyote. Nimemsomea yale ya darsa kwanza, ya hospitali baadaye, na amesikiliza. Ana maswali mawili. Akikosa mwezi huu, je, anaweza kulipa wakati ambapo mchana ni mfupi? Na anaweza kujijaribu kabla Ramadhani haijafika?

Mwanafunzi wa Darsa

La kwanza: kama anaweza kufunga wakati mwingine bila kudhurika, atalipa, na hakuna ubaya kuchagua siku fupi au za baridi. Mwezi wenyewe unarudi nyuma kama siku 11 kila mwaka, kwa hiyo kwa walio mbali na ikweta saumu ngumu ya leo si ya miaka kumi ijayo. Kama hawezi majira yoyote, ni fidia.

Nesi wa Kliniki ya Sukari

La pili: ndiyo, ila baada ya kumwona daktari, si kabla. Dawa zikishapangwa, afunge sunna chache za Shaabani, Jumatatu au Alhamisi, ajipime asubuhi, adhuhuri, alasiri na saa mbili baada ya futari, aandike. Daktari akiyaona maandishi hayo atajua cha kurekebisha kabla mwezi haujaandama.

Na siku ya kliniki abebe dawa zake zote ndani ya maboksi yake. "Kile kidonge cheupe kidogo" tunavyo vingi sana.