Bibi yangu ndiye mzazi wangu, lakini HR, mtafsiri na wajuaji wa magrupu wameniharibia likizo

Wakuu, leo sina salamu ndefu. Nina hasira.

Bibi anaumwa, amelazwa kule mkoani Mara, Tanzania, na mimi niko Ohio, Marekani, kwenye ghala napanga maboksi. Niliomba ruhusa ya kwenda kumuuguza. Sheria ya hapa ya mwaka 1993 inampa mfanyakazi hadi wiki 12 bila mshahara kumuuguza mzazi, mwenza au mtoto, mradi kampuni ina watu 50 na kuendelea, na wewe umetimiza mwaka kazini na saa zako 1,250. Vyote ninavyo. Nimekataliwa kwa sababu kwenye faili limeandikwa "grandmother". Mabibi hawamo kwenye orodha, faili likafungwa.

Nieleze kidogo, najua wengi hapa si watu wa Mara. Mimi ni mtoto wa nyumba ntobhu, yaani ndoa ya mwanamke kumwoa mwanamke ili apate watoto wa nyumba yake. Bibi alikuwa mjane asiye na mtoto wa kiume, na kwa Wakurya jambo hilo lina dawa yake: alitoa ng'ombe, akaposa msichana, akamweka nyumbani kwake. Msichana huyo ndiye mama yangu mzazi. Mwanamume wa kuzaa naye alipatikana, namjua, tukikutana mnadani tunasalimiana na yanaishia hapo hapo. Watoto ni wa mwenye ng'ombe. Ada alilipa Bibi. Nikifanya utundu shuleni, aliyeitwa na mwalimu mkuu ni Bibi, na alikuja na fimbo yake mwenyewe. Tunamwita Bibi kwa umri wake tu. Jina la ukoo ninalotumia ni la marehemu mume wake, aliyefariki zamani kabla mama hajakanyaga pale. Kuna fomu moja ya mtandaoni ilinidai mwaka aliofariki baba. Nikaujaza, ikanijibu kwa maandishi mekundu kwamba tarehe si sahihi. Kompyuta imekataa ukoo wangu!

Haya, nikaenda kwa dada wa HR, nikamsimulia yote kwa Kiingereza changu ambacho si kibovu. Akasikiliza, mara uso ukamng'aa: kumbe una mama wawili! Akanipongeza, eti familia yetu imeendelea sana. Akauliza kama bado wako pamoja. Jamani! Nikamwambia hapana, si wapenzi, hawajawahi kuwa wapenzi, hii ni ndoa ya kuhakikisha nyumba haifi. Uso ukazimika. Basi ni "step-mother"? Siyo. "Legal guardian"? Una hati ya mahakama? Hati hiyo niitoe wapi, wakati Sheria yetu ya Ndoa ya 1971 inasema ndoa ni ya mwanamume na mwanamke? Kwenye makaratasi ya serikali Bibi na mama ni watu wasiojuana. Wenzetu Kenya angalau mwaka 2011 Mahakama Kuu ya Mombasa ilimkubali mke wa mwanamke wa Kinandi awe mrithi wake. Sisi shahidi wetu ni ng'ombe.

Huyo wa HR ningemsamehe, hajui Tarime kwetu iko wapi. Anayeniuma ni mtafsiri, Mswahili mwenzangu kabisa. Nilimpelekea barua ya mtendaji wa kijiji, yenye mhuri, ambayo iliandika vizuri kuliko sisi wote: huyu mama "ndiye aliyemlea, kumlisha na kumsomesha muombaji tangu kuzaliwa, kwa nafasi ya mzazi". Unajua aliitafsirije? Kwamba ni "grandmother" na "sponsor" wangu. Sponsor! Kama vile Bibi ni shirika lililonipeleka shule kwa picha na barua za Krismasi. Nilipolalamika akaniambia wazungu hawapendi maelezo mengi, na kurekebisha ni malipo mapya.

Na maelezo hayo hayo aliyoyakata ndiyo sheria inayataka. Imeandikwa mle ndani kwamba mzazi ni pamoja na mtu aliyesimama mahali pa mzazi ulipokuwa mtoto, mwenye damu yako au asiye nayo. Wana hata jina la Kilatini, "in loco parentis". Kanuni zake zinakubali maelezo mafupi ya mfanyakazi mwenyewe kama uthibitisho wa undugu. Hayo nimeyasoma mwenyewe usiku, kwenye simu, baada ya shifti. Dada wa HR analipwa kuyajua na hakuniuliza swali moja la "nani alikulea?" Aliniuliza kama wanapendana.

Sasa nyie wa magrupu. Kila nikieleza, anaibuka mtu: "Mkuu, andika tu mother, nani atakuja Tarime kuhakikisha?" Mama yangu mzazi yuko hai na jina lake liko kwenye faili langu tangu nilipoajiriwa. Mnataka nizaliwe mara ya pili? Na ushauri huu ndio uliotuponza kwa jina la Waafrika wote. Mwaka 2008 Wamarekani waliwapima DNA wakimbizi waliokuwa Nairobi wakisubiri kuunganishwa na ndugu zao huku. Majibu hayakulingana na fomu, mpango mzima ukasimamishwa mpaka 2012. Waongo walikuwepo, sibishi. Lakini yatima wa vita aliyelelewa na shangazi, kisha akaandikwa "son" kwa sababu kuna mtu alimshauri andika tu, damu ingemteteaje?

Rafiki yangu wa Unguja naye analo la kwake. Ana kaka wa kunyonya, ziwa moja, kwa dini hawawezi kuoana. Hospitali walimwandika "friend" wakamwacha koridoni. Ila hilo nimwachie mwenyewe afungue uzi wake.

Ninachotaka kutoka kwenu ni hiki. Kuna anayemjua mtafsiri, awe Ohio au kwa mtandao, anayekubali kutafsiri sentensi nzima kama ilivyo kwenye barua, na kugonga mhuri? Na kuna aliyewahi kukata rufaa HR kwa kifungu cha aliyesimama mahali pa mzazi, akafanikiwa? Barua yako ilisemaje? Njoo PM leo, Bibi hasubiri. Wa "andika tu mother", pita kimya kimya.