Mashine ya maji inajiongezea salio

Fundi wa Kayole: Wakuu, nina mashine ya kuuza maji kwa sarafu. Ukitia shilingi 10 inasoma 10 sawa, lakini pampu ikiwaka tu, salio linapanda lenyewe: 15, 20, mara 35! Jana mama mmoja kajaza mtungi wa lita 20 kwa kumi. Nimebadilisha kisoma sarafu, wapi.

Mzee Waya: Pole. Kisoma sarafu hakina kosa. Kinatuma mapigo ya umeme tu, na kwako kila pigo ni shilingi 5. Pampu inatupa kelele ya umeme, bodi inayohesabu salio inaiona kama pigo. Waya wa ishara umepita wapi?

Fundi wa Kayole: Nimeufunga pamoja na wa pampu kwa tepu nyeusi. Ulipendeza.

Mzee Waya: Ndiyo hiyo! Utenganishe. Weka rezista ya kilo-omu 4.7 kati ya ishara na volti 5 za bodi. Visoma vingi huvuta volti ya ishara chini tu, havisukumi juu; rezista ndiyo huirudisha juu.

Dada Soda: Pampu ikiwa ya DC (umeme kama wa betri), ongeza diodi, kile kijipande kinachopitisha umeme upande mmoja tu, kati ya nyaya zake mbili, mstari wake upande wa chanya. Zimejaa madukani mtaa wa Luthuli, Nairobi.

Fundi wa Kayole: Tangu asubuhi 10 ni 10. Yule mama amerudi, amenuna.